Kushusha maji ya chemchemi kwa mteremko hadi robine za kartie, Bukavu

Bukavu imejengwa juu ya vilima. Ziwa Kivu liko chini, kwenye mita 1,460 hivi, na kartie (mitaa) nyingi za Kadutu na Bagira ziko juu sana kuliko maji hayo. Kuyapandisha kunataka pampu, na pampu inataka umeme usiokatika. Chemchemi iliyo juu ya nyumba inataka tuyo (mabomba) na hesabu tu, na kwenye hesabu ndipo kazi huharibika: tuyo hununuliwa kabla ya mlima kupimwa.

Mfano tutakaofuata ni huu: chemchemi moja, rezervwari (tangi la maji) iliyo mita 1,200 mbali nayo na mita 38 chini yake, halafu robine (koki za kuchotea maji). Kabla ya jembe la kwanza, muwe na karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye shamba la chemchemi na wenye mashamba yote ambamo tuyo itapita, mbele ya chifu wa mahali. Makubaliano ya mdomo hufa siku shamba linapouzwa.

Hatua ya 1: Pima maji wakati wa ukame

Mvua hapa hunyesha tangu Septemba hadi Mei. Kipimo cha Aprili kitawadanganya. Pimeni mwisho wa Agosti. Zibeni mkondo kwa udongo wa mfinyanzi, pitisheni kipande cha tuyo katikati, mjaze bidoni huku mkihesabu sekunde. Tieni alama ya lita 20 kwanza, maana bidoni likijaa hadi mdomoni hubeba zaidi. Rudieni mara tano, mchukue wastani. Sekunde 25 ni lita 0.8 kwa sekunde, yaani lita 69,120 kwa siku.

Rudini tena baada ya mvua kubwa. Maji yakichafuka ndani ya saa chache, hayo ni maji ya juu ya ardhi yanayojificha chini ya mawe. Tafuteni jicho lingine la maji.

Hatua ya 2: Yatawatosha watu wangapi?

Toeni asilimia 20 ya maji yatakayovuja na kumwagika: zinabaki lita 55,296. Gawanyeni kwa lita 20 za mtu mmoja kwa siku, mtapata watu 2,765. Lakini watu huongezeka. Kwa ongezeko la asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 watakuwa mara 1.8 ya walivyo leo. Kwa hiyo chemchemi hii ni ya watu 1,500 wa leo. Kama kartie ina watu 4,000, waambieni ukweli mapema, au mtafute chemchemi ya pili.

Hatua ya 3: Pima mlima kwa mpira wa maji

Simu inaweza kukosea urefu kwa mita 10 au zaidi, na mtaona chini kwamba mita 10 ndizo zinazoamua kila kitu. Tumieni kifaa cha waashi: mpira mwangavu wa mita 20 uliojazwa maji bila kiputo hata kimoja cha hewa, na fito mbili zilizotiwa alama za sentimita. Mtu mmoja juu, mwingine mita 15 mbele yake kwenye mteremko. Maji yakitulia, andikeni tofauti. Shukeni hivyo hadi rezervwari, kisha mpande mkipima upya. Kwenda na kurudi kukitofautiana kwa zaidi ya nusu mita, kazi irudiwe.

Msiandike mwanzo na mwisho peke yake. Kila mgongo wa kilima na kila bonde lililo njiani lazima liwe na namba yake.

Hatua ya 4: Chagua tuyo

Maji yakitembea ndani ya tuyo husuguana na ukuta wake na kupoteza msukumo. Msukumo huo tunauhesabu kwa mita za kimo cha mteremko. Kwa lita 0.8 kwa sekunde, tuyo nyeusi ya polietileni ya PN10 (PN ni alama ya msukumo ambao tuyo huvumilia) hupoteza takriban hivi kila mita 100 (milimita ni za upana wa nje):

- 32 mm: mita 7.6
- 40 mm: mita 2.5
- 50 mm: mita 0.84

Kwa mita 1,200, ile ya 32 ingetaka mita 91 na sisi tuna 38. Maji yatafika, ila machache, na watu watasema chemchemi imekauka. Ya 40 inakula mita 30, zinabaki 8. Ya 50 inakula 10, zinabaki 28. Fundi mwenye haraka ataona 40 inatosha, na ni ya bei nafuu.

Sasa tazameni migongo. Tuseme kwenye mita ya 500 kuna mgongo ulio mita 10 tu chini ya chemchemi. Tuyo ya 40 imekwisha kula mita 12.5 kabla ya kufika hapo. Maji hayana nguvu ya kuvuka kama yalivyopangwa: tuyo inaanza kunyonya, hewa inajikusanya juu ya mgongo, na kiungo chochote kilicholegea kinavuta maji machafu ya udongoni. Hewa hiyo hupunguza maji hadi nusu, na mara nyingine huyasimamisha kabisa, huku chemchemi ikimwagika vizuri kule juu.

Dawa ni kuchanganya. Wekeni tuyo ya 50 kwa mita 500 za kwanza: inakula 4.2, na mgongoni zinabaki mita 5.8 za msukumo. Kisha 40 kwa mita 700 zilizobaki: inakula 17.5. Kwenye rezervwari mtafika na mita 16 na kidogo. Ziada hiyo ipunguzwe kwa vane (koki ya kufungia tuyo) ya kuskrubu polepole. Ile ya mlango, yenye bamba linaloshuka kuziba tuyo, ni ya kufungua yote au kufunga yote. Ukiiacha nusu, maji huila.

Hesabu ya pili ni ya maji yaliyosimama. Robine zote zikifungwa usiku, msuguano haupo tena na tuyo hubeba urefu wote wa mlima. PN10 huvumilia mita 100, PN6 mita 60. Kutoka kwenye rezervwari kushuka kwenye kartie za chini, jengeni chemba ya kuvunja msukumo (tangi dogo ambamo maji humwagika na msukumo kuanza upya) kabla mteremko haujapita mita 60, la sivyo robine zitaharibika upesi.

Hatua ya 5: Jenga kwenye jicho la maji

Chimbeni mkifuata maji hadi mwamba au udongo mgumu yanakotokea. Tuyo ya kutokea iwe chini kidogo ya jicho la asili, kamwe isiwe juu yake. Maji yakilazimishwa kupanda, yanatafuta njia nyingine mlimani na hayarudi. Jazeni mawe yaliyooshwa ya sentimita 2 hadi 4, mfunike kwa plastiki nene na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Mfereji wa kugeuza maji ya mvua upite mita 8 hadi 10 juu yake. Choo kisiwe ndani ya mita 30 upande wa juu. Kwenye kartie iliyobanana, hata hizo ni chache. Mikaratusi iliyo karibu ikatwe: inakunywa sana na mizizi yake huingia ndani ya mlichojenga.

Hatua ya 6: Mtaro

Kina cha mtaro kiwe sentimita 80, na mita moja chini ya barabara. Sentimita 10 za udongo usio na mawe chini ya tuyo na juu yake. Vane ya hewa kwenye kila mgongo, vane ya kutoa tope kwenye kila bonde. Watu wa salongo (kazi ya pamoja ya wakaaji) huchimba vizuri siku ya kwanza. Siku ya tatu kina kinakuwa sentimita 40, kwa hiyo fito ya kipimo ishikwe na mtu asiyeona haya.

Ardhi ya Bukavu hutembea. Mbali na maporomoko, tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilionyesha jinsi kuta zinavyopasuka. Polietileni hupinda pale PVC inapovunjika. Kwenye makorongo, tumieni tuyo ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo za zege pande zote mbili.

Hatua ya 7: Rezervwari

Tangu saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri chemchemi hutoa lita 20,160. Rezervwari ya mita za ujazo 20 inazipokea karibu zote. Ijengwe ya mviringo: kipenyo cha ndani mita 3.6, kina cha maji mita 2, ukuta wa moloni (mawe ya kujengea) wenye feri (nondo), na lipu ya simenti ndani. Pembe za rezervwari ya mraba ndizo hupasuka kwanza.

Na maji ya ziada yaende wapi? Hapa ndipo wengi huiletea kartie hatari. Tuyo ya kumwagia isiishie kwenye mteremko nyuma ya ukuta. Udongo mwekundu ukinywa maji usiku na mchana huteleza, na chini yake kuna nyumba. Yashusheni kwa tuyo iliyofungwa hadi korongoni.

Hatua ya 8: Robine

Robine moja kwa watu 250: kwa watu 1,500 ni sita, na muache nafasi ya kuongeza. Kila moja itoe lita 0.2 kwa sekunde, bidoni lijae kwa sekunde 100. Zikifunguliwa zote sita ni lita 1.2, kwa hiyo tuyo za kugawa maji hupimwa kwa namba hiyo, si kwa 0.8 ya chemchemi.

Hatua ya 9: Jaribu, kisha safisha

Jazeni tuyo huku viungo vikiwa bado havijafukiwa, msukume kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya msukumo wa kazi, bila kupita uwezo ambao mtengenezaji wa tuyo ameutaja. Shikeni msukumo huo kwa muda wa saa mbili. Kiungo kinachotoa jasho leo kitatoa mto kesho.

Rezervwari ya lita 20,000 inataka gramu 1,000 za klorini kufikia miligramu 50 kwa lita. Kwa unga wa klorini uitwao HTH, wa asilimia 70, ni kilo 1.4 hivi, zilizokorogwa kwanza kwenye ndoo. Acheni saa 24 robine zikiwa zimefungwa na mlinzi akiwa hapo, kisha mmwage mbali na mashamba na samaki. Baada ya hapo, klorini kwenye robine iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Hatua ya 10: Kupima uvujaji usiku

Kila mwezi, fungeni vane ya kuingiza maji na robine zote, mpime kina cha rezervwari. Kwa kipenyo cha mita 3.6, sentimita moja ni lita 100. Kikishuka sentimita 6 kwa saa tano, mnapoteza lita 120 kila saa. Fungeni sehemu moja ya mtandao baada ya nyingine. Sehemu ambayo ikifungwa kina kinaacha kushuka, hapo ndipo pa kuchimba. Kina kikiendelea kushuka hata vane ya kutokea ikiwa imefungwa, basi ukuta wenyewe ndio unaovuja, au vane hiyo haifungi sawasawa.