Bagno di Romagna: tembea kwanza, uoge baadaye

Mkienda Bagno di Romagna, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, msianze na chemchemi. Maji yake hutoka ardhini yakiwa na nyuzijoto kama 45, na mtu akishatoka humo mwili hulegea. Hamu ya kupanda mlima huisha kabisa. Asubuhi nendeni msituni, jioni ndiyo ya maji.

Kingine, wengi hufunga safari kwa ajili ya Sasso Fratino, msitu wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017. Watalii hawaruhusiwi kuuingia. Umelindwa hivyo tangu 1959, na naona ni haki kabisa. Badala yake piteni njia za miguu za hifadhi ya Foreste Casentinesi inayouzunguka, hasa mwezi Oktoba majani yanapogeuka rangi ya dhahabu na shaba. Hapo utasimama kila hatua.

Bila gari, shukeni treni Cesena kisha mpande basi. Angalieni mapema ratiba ya Jumapili. Bebeni kofia ya kuogelea na kandambili, kwani mabwawa mengi ya Italia huvidai.