Shakshuka: rojo likauke kwanza, mayai yafuate

Shakshuka ni chakula cha Afrika Kaskazini, Tunisia na Libya hasa: mayai yaliyoivia ndani ya rojo la nyanya lenye viungo, huliwa kwa mkate moja kwa moja kutoka kikaangoni. Ikiharibika, mara nyingi kosa liko kwenye nyanya. Rojo likiwa majimaji, ute wa yai hutawanyika vipandevipande, na ukisubiri ugande, kiini nacho kimeshakuwa kigumu.

Kwa watu 3, andaa nyanya mbivu gramu 800, kitunguu maji 1 kikubwa, pilipili hoho nyekundu 1, punje 4 za kitunguu saumu, mayai 6 na mafuta ya zeituni vijiko 3 vya chakula. Viungo ni bizari nyembamba ya unga kijiko 1 cha chai, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) vijiko 2 vya chai, harisa (pilipili kali iliyosagwa na viungo) kijiko 1 cha chakula na chumvi kijiko 1 cha chai. Ukikosa harisa, tia pilipili ya unga nusu kijiko cha chai. Kikaango kiwe na upana wa sentimita 26 hadi 28, chenye mfuniko. Cha chuma kitupu kiache, maana uchachu wa nyanya huleta ladha ya chuma.

Kaanga kitunguu na hoho kwa moto wa wastani dakika 10, vilainike kabisa. Usiharakishe hapa, kwa sababu kitunguu kikikutana na nyanya kikiwa kibichi, hubaki kigumu hata ukipike saa nzima. Tia kitunguu saumu, kisha bizari, paprika na harisa, ukoroge kwa nusu dakika tu. Viungo vinahitaji mafuta ya moto ili vitoe harufu, lakini paprika huungua upesi na kuwa chungu, kwa hiyo nyanya ziwe zimeshakatwa, ziko karibu na mkono.

Mimina nyanya na chumvi, pika bila kufunika dakika 15 hadi 20. Nyanya zenye maji mengi zitataka zaidi, wala usiangalie saa, angalia kikaango: mafuta mekundu yanajitenga pembeni, mlio wa kuchemka unakuwa mzito, na ukipitisha mwiko katikati, mfereji unabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Onja sasa. Uchachu ukizidi, sukari nusu kijiko cha chai inatosha.

Punguza moto, chimba vishimo 6 kwa mgongo wa kijiko. Pasua kila yai kwenye kikombe kwanza, ili bovu au lililopasuka kiini lisiingie kikaangoni, ndipo ulimimine kwenye kishimo. Kwa ncha ya uma, changanya ute kidogo na rojo linalouzunguka bila kugusa kiini. Ute ndio unaochelewa, na hivyo huiva sawasawa. Funika dakika 5 hadi 7. Ukitikisa kikaango, ute uwe mweupe umeshikana na kiini kikicheza. Epua hapohapo, kwani joto la kikaango litaendelea kuivisha. Nyunyiza kotmiri.

Rojo pekee, bila mayai, hukaa kwenye friji siku 3. Ukilipasha, lirudishe kwanza kwenye uzito uleule ndipo upasue mayai mapya.