Uingereza: dada yako si ndugu wa mtoto, na mambo mengine ya kujua kabla hujamkabidhi mtu mtoto

Ukishapangiwa zamu, simu ya nyumbani itakuja na jibu tayari: binti wa mama yako mkubwa yuko hukohuko, mpelekee mtoto. Wanasema kwa nia njema, na hapo ndipo tunapoumia.

Kwetu huyo ni dada yako, na kwa mtoto ni mama mdogo, basi. Sheria ya England haihesabu hivyo. Inataja bibi, babu, kaka, dada, wajomba, mashangazi na mama wadogo ambao ni ndugu wa baba au mama hasa, wa damu au wa ndoa, pamoja na mzazi wa kambo. Mtoto wa mama mkubwa anaishia kuwa binamu tu, naye hayumo. Mnayesali naye pia hayumo.

Asiye ndugu kisheria akimlea mtoto nyumbani kwake kwa malipo, zaidi ya saa 2 kwa siku, na mtoto hajafika miaka 8, lazima asajiliwe Ofsted, idara ya serikali inayokagua malezi na shule, au kwenye wakala wa walezi. Bila hivyo anavunja sheria. Na malipo si noti tu. Ukimlipia kodi badala ya kumpa hela, bado umemlipa.

Kibaya zaidi ni mtoto kulala huko. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa asiye ndugu kisheria, halmashauri lazima ijulishwe, wiki 6 kabla, au papo hapo kama jambo ni la ghafla. Hata pasipo senti. Usijidanganye kwamba kumchukua Jumapili kunaanzisha hesabu upya. Nia yenu ikiwa ni siku 28, sheria hiyo inawahusu tangu usiku wa kwanza. Waingereza hawakuulizi habari za asubuhi, lakini mtoto mgeni akionekana mlango wa pili, simu inapigwa. Ijulisheni halmashauri wenyewe. Ofisa wa ustawi akija kukagua kitanda kwa sababu mlimwita, ni ziara ya kawaida. Akija kwa sababu ya jirani, ni kesi.

Na wale wanaosema "mlete bibi kwa viza ya matembezi": kumshika mjukuu wakati wa ziara fupi ya kweli hakuna neno. Lakini barua ya mwaliko ikisomeka kwamba anakuja kulea ili wewe uende kazini, umemwombea kunyimwa viza. Dada wa kazi kwa viza hiyo? Sahau.

Mlezi aliyesajiliwa mtafute kwenye tovuti ya Ofsted kwa namba yake, usitosheke na picha ya cheti WhatsApp. Jina na anwani kwenye cheti vilingane na mlango unaogonga. Peke yake haruhusiwi zaidi ya watoto 6 wa chini ya miaka 8. Kati yao wadogo wa chini ya miaka 5 wasizidi 3, na kwa kawaida mchanga wa chini ya mwaka awe 1. Wanawe wanahesabiwa humo. Omba cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto, cha saa 12, kisichozidi miaka 3. Kisha uliza nani mwingine anaishi hapo: kila aliyefika miaka 16 lazima awe amechunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, hata mpangaji wa chumba cha juu. Akisita kukujibu hilo, vaa viatu.

Saa 30 za malezi ya bure kwa wiki, kwa wazazi wanaofanya kazi, ni za wiki 38 za mwaka. Ukizitandaza mwaka mzima zinabaki kama 22 kwa wiki. Namba ya kuthibitisha kwamba unastahili uipate kabla ya tarehe 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi, na uihuishe kila miezi 3. Kama wewe na mwenzako wote viza zenu zinawazuia fedha za umma, hizo si zenu. Ila zile saa 15 za kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3 ni za kila mtoto, na wengi wetu tunaziacha mezani kwa kuogopa neno viza.