Namna ya Kufundisha Uhusiano wa Jeni na Dawa

Anza na dawa ambayo wasikilizaji wako wanaifahamu, wala usianze na muundo wa DNA. Kodeini, dawa ya kutuliza maumivu, inafaa sana: ini huigeuza kuwa mofini kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, na kwa kuwa jeni ya kimeng'enya hicho hutofautiana baina ya watu, dozi ileile humwacha mmoja na maumivu yake, humtuliza wa pili, na kwa wa tatu huweza kudhoofisha upumuaji hadi kuhatarisha maisha.

Madaktari, wafamasia na wauguzi wape majibu ya vipimo wayasome na kuyaamulia: je, mwenye aleli (yaani toleo la jeni) ya HLA-B*57:01 aandikiwe abakaviri, dawa ya VVU? (Hapana, kwani huweza kumletea mzio mkali.) Mhadhara mtupu husahaulika upesi.

Kwa umma, punguza majina ya jeni lakini usifiche mipaka ya elimu hii, kwani umri, figo na dawa nyingine anazotumia mgonjwa navyo hubadili utendaji wa dawa. Sisitiza kwamba mtu asiache dawa kwa sababu ya majibu ya kipimo kabla ya kuzungumza na daktari wake. Eleza pia nani atayaona majibu hayo, maana jeni za mtu hufichua habari za ndugu zake wa damu.