SOMO: Mtoto mdogo afanye jimnastiki kwa kiasi gani?

Habari zenu wadau. Swali hili linarudi kila mara, mzazi ana mtoto wa miaka minne au sita, anapenda kubinuka, anapiga msamba bila shida, kocha anasema aletwe siku tano kwa wiki, sasa mzazi hajui akubali au akatae. Mimi nafundisha watoto wa umri huo, naeleza hatua kwa hatua jinsi ninavyopanga, maswali wekeni chini.

Kwanza eleweni kitu kimoja maana ndo msingi wa yote. Mfupa wa mtoto unarefuka kutokea karibu na ncha zake, na pale kuna tabaka la gegedu ambalo bado halijawa mfupa mgumu, ndo sehemu dhaifu kuliko zote, mara nyingi hata kuliko kano zinazoshika kiungo chenyewe. Na kwenye jimnastiki mtoto anasimama kwa mikono, anasukuma kwa mikono, anatua kwa mikono, yaani kifundo cha mkono kinabeba kazi ya kifundo cha mguu. Mtoto anaweza asichoke kabisa, pumzi anayo, anacheka, bado anataka tena, na huku lile gegedu linaumia taratibu. Kwa hiyo usipime kwa kuangalia kama kachoka, utachelewa.

HATUA YA 1: Anza na umri
Chini ya miaka 5 mimi nampa kipindi kimoja kwa wiki, dakika 30 mpaka 45, basi. Miaka 5 na 6 saa moja, mara moja au mbili. Miaka 7 na 8 mara mbili au tatu, na kipindi hakizidi saa moja na nusu. Najua kuna mtu atasema mbona Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 3 na 4 ajishughulishe dakika 180 kwa siku, ni kweli, ila zile ni dakika za kukimbia, kuruka, kupanda, kucheza kwa ujumla, hazina maana ya dakika 180 za kocha na filimbi.

HATUA YA 2: Masaa ya wiki yasizidi miaka yake
Hii ndo kanuni rahisi ambayo madaktari wa michezo wanaitumia sana. Mtoto wa miaka 7, masaa 7 kwa wiki ndo mwisho. Na unajumlisha michezo yote ya kupangwa, kama anaogelea masaa mawili na anacheza mpira masaa mawili basi jimnastiki imebaki na matatu. Angalizo, huo ni ukomo, usije ukaufanya ndo lengo.

HATUA YA 3: Mapumziko yapangwe kabla ya mazoezi
Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri siku moja mpaka mbili kwa wiki bila mchezo huo, na miezi miwili mpaka mitatu kwa mwaka aachane nao, unaweza kuigawa mwezi mmoja mmoja. Usingizi nao, miaka 3 hadi 5 anahitaji masaa 10 mpaka 13 ukijumlisha na ule wa mchana, miaka 6 hadi 12 masaa 9 mpaka 12. Kama kipindi cha jioni kinakula usingizi, badilisha muda au kiache.

HATUA YA 4: Angalia ndani ya kipindi kuna nini
Kaa pembeni siku moja uangalie. Apashwe mwili moto kwanza, kisha kazi ya mikono ipishane na ya miguu na ya kuning'inia, sio kusimama kwa mikono nusu saa mfululizo. Kutua nako kufundishwe kama somo lake, magoti yakunjike kidogo, miguu yote miwili ifike pamoja, mgongo usipinde. Na msamba jamani, mtoto ashuke mwenyewe mpaka misuli inapomzuia, aishie hapo. Ukiona kocha anamkandamiza mabega au anamkalia mtoto huku analia, mchukue mwanao muondoke, hakuna hoja ya kumtetea huyo.

HATUA YA 5: Jua dalili
Mtoto mdogo hasemi naumwa, anatikisa tu mkono kama anakung'uta maji, au anaanza kuegemea ngumi badala ya kiganja. Ukiona hivyo mbonyeze taratibu na dole gumba upande wa juu wa kifundo, karibu na kidole gumba chake, akivuta mkono ujue pana kitu. Maumivu ya kiuno akipinda kwa nyuma yasipuuzwe hata kidogo, mfupa wa uti unaweza kupata ufa kwa kupindwa mara kwa mara. Maumivu ya visigino na magoti pia yasipuuzwe.

MASWALI YA WADAU

Swali: Binti yangu ana miaka 6, kocha anataka masaa 12 kwa wiki, anadai akichelewa hafiki mbali. Ni kweli?

Jibu: Hapana dada, hayo ni mara mbili ya ukomo wake. Nadia Comăneci, mwanajimnastiki wa Romania, alishinda Olimpiki 1976 akiwa na miaka 14, ila leo hairuhusiwi, tangu 1997 mwanamke lazima atimize 16 ndani ya mwaka wa mashindano. Na Oksana Chusovitina, mwanajimnastiki wa Uzbekistan, alishiriki Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 46. Binti yako ana miaka kumi mbele yake, haraka ni ya nani?

Swali: Eti inadumaza, mtoto anabaki mfupi?

Jibu: Mazoezi ya kiasi hayajaonekana kudumaza. Wenye maumbo madogo wanazunguka hewani kirahisi, ndo wanaobaki kwenye mchezo mpaka juu, watu wakiwaona wanadhani mchezo umewafupisha. Kinachoharibu ukuaji ni kunyimwa chakula na kuumia lile gegedu. Kocha anayempima mtoto uzito na kumwambia apungue, huyo mkatae.

Swali: Wangu anasimama kwa mikono nyumbani kutwa nzima, nihesabu?

Jibu: Akicheza mwenyewe mara nyingi anaacha akiumia, kwa hiyo sina wasiwasi sana, na nataka watoto wacheze hivyo. Ila kifundo hakijui kama ni nyumbani au kwa kocha, siku ya kipindi mpunguzie mikono, mpe kamba ya kuruka.

Swali: Mkuu, mwanangu miaka 8 kifundo cha mkono kinamuuma wiki ya pili, kocha kasema afunge bandeji aendelee.

Jibu: Asiendelee mkuu. Bandeji inaficha tu, mzigo uko pale pale. Mikono isibebe kitu kuanzia leo, mpeleke kwa daktari umwambie wazi kwamba anafanya jimnastiki ili aangalie sehemu ya mfupa inayokua, na picha anaweza kuagiza mwenyewe. Mazoezi ya miguu, tumbo na kusimama bila kuyumba anaweza kuendelea nayo kama daktari karuhusu. Atarudi kwenye mikono akibonyezwa haumwi, na aanze na kazi ndogo sana.