Gemu za Zamani kwenye Mashine Mpya za Mkononi: Zikubali, na Usipoteze Ulipofikia

Muuzaji akikwambia mashine "inasoma gemu zote za zamani", muulize mambo matatu. Kaseti inaingia kwenye tundu? Prosesa ya zamani, au kitu cha kuiigiza, kimo ndani? Na sevu, yaani rekodi ya ulipofikia, inakaa wapi, kwenye kaseti au kwenye mashine? Wengi huishia kwenye swali la kwanza. Gemu inawaka, wanalipa, na baada ya wiki mbili wanagundua kila wakizima wanaanza upya.

Mwongozo huu unahusu mashine za Nintendo kwa sababu ndizo zilizoshikilia utaratibu wa kukubali gemu za nyuma kwa muda mrefu. PSP ya Sony tunaipita haraka: diski zake za UMD haziingii kwenye PS Vita wala PSP Go. Vita hucheza gemu za PSP zilizopakuliwa tu.

Hatua ya 1: Tambua kaseti uliyonayo

Kaseti za Game Boy ya 1989 kwa kawaida ni za kijivu. Nyeusi zinakubali Game Boy ya kwanza na Game Boy Color ya 1998. Zile zinazoonyesha ndani ni za Color peke yake. Game Boy Advance (GBA) ya 2001 ina kaseti fupi, karibu nusu ya hizo. DS na 3DS, mashine zilizofuata, zinatumia kadi nyembamba, na kadi ya 3DS ina kijino pembeni ili isiingie kwenye DS.

Kaseti bandia za GBA ni nyingi. Angalia juu kidogo ya pini: kwenye bodi halisi kuna jina Nintendo limechapwa. Lebo halisi pia ina namba ndogo iliyobonyezwa ndani ya karatasi, unaiona ukiigeuzageuza kwenye mwanga. Kaseti bandia inaweza kucheza vizuri na bado ikashindwa kutunza sevu, na hapo hakuna mashine itakayokuokoa.

Hatua ya 2: Chagua mashine kwa kaseti, siyo kwa umri wake

GBA na GBA SP (2003) zinacheza Game Boy, Color na GBA. Ndani mna prosesa mbili, ya zamani na mpya, na kwenye tundu mna kiswichi kidogo kinachobonyezwa na umbo la kaseti ya zamani. Kikibonyezwa, umeme unaokwenda kwenye kaseti unatoka volti 3.3 kwenda volti 5. Ndiyo maana unaweza kukuta SP inayocheza GBA bila shida lakini inakataa kaseti za kijivu zote: kiswichi kimeganda kwa uchafu. Ukikutana na picha ya Game Boy iliyovutwa kuwa pana, bonyeza R irudi umbo lake. L ndiyo inayoivuta.

Game Boy Micro ya 2005 ni ndogo na nzuri, lakini inacheza GBA tu. Usiinunue kwa ajili ya kaseti za kijivu.

DS (2004) na DS Lite (2006) zina tundu la pili chini kwa ajili ya GBA. Hazichezi Game Boy wala Color kwa sababu prosesa ya zamani haimo, na hazina tundu la waya wa kuunganisha mashine mbili, kwa hiyo gemu za GBA utacheza peke yako. DSi ya 2008 iliondoa tundu hilo. Hilo linaua na gemu za DS zinazolitegemea: Guitar Hero: On Tour ina kishikio kinachochomekwa pale, na Pokémon Diamond na Pearl huchota Pokémon za GBA kupitia pale pale.

Kama pesa inatosha mashine moja tu, chukua DS Lite. Kama una kaseti za kijivu, chukua SP. Zile mashine zilizojazwa gemu elfu kadhaa ni jambo jingine: zinatumia emuleta (programu inayoigiza mashine ya zamani), hazina tundu, na sevu iliyomo kwenye kaseti yako huwezi kuihamishia humo bila kifaa cha kusomea kaseti na kompyuta.

Hatua ya 3: Soma chaja kabla ya kuichomeka

Hapa ndipo mashine nyingi za mtumba zinapofia. Chaja za SP, DS na 3DS zilizotoka Japani zimeandikwa volti 100, za Marekani volti 120. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Kibadilisha plagi hakipunguzi volti, kinabadilisha miguu tu. Nunua waya wa USB wa mashine husika na utumie kichwa cha chaja ya simu cha volti 5. SP na DS ya kwanza zinachangia waya mmoja, DS Lite ina wake, na DSi, 3DS na 2DS zinachangia mwingine. Chaja ya Nintendo Switch haina tatizo hili, imeandikwa 100 hadi 240.

Hatua ya 4: Safisha pini

Hapa Kigoma pini zina maadui wawili. Kiangazi ni vumbi jekundu, na kuanzia Novemba mvua na unyevu wa ziwa unaanza kuzitia pini ukungu wa kijani. Kaseti iliyokaa nyumba ya Ujiji miaka kumi bila kufunikwa isafishe kwanza hata kama inaonekana safi.

Tumia pamba za masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ile ya mafundi simu. Spiriti ya famasi ya asilimia 70 ina maji mengi. Ikibidi kuitumia, acha kaseti ikauke saa kadhaa. Usikubali fundi atumie thina. Inasafisha bodi kweli, na inayeyusha plastiki. Sugua kwa kufuata urefu wa pini, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe, subiri dakika tano. Tundu la mashine lisafishe kwa kulowesha kidogo pini za kaseti, kisha ichomeke na kuichomoa mara kumi hivi mashine ikiwa imezimwa. Kwa SP inayokataa kaseti za kijivu, hili mara nyingi linatosha kulegeza kile kiswichi.

Na kupuliza kwa mdomo kuacheni. Mate ndiyo yanayoleta kutu.

Hatua ya 5: Betri ya ndani ya kaseti

Kaseti nyingi za Game Boy hutunza sevu kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, na umeme huo unatoka kwenye betri bapa iliyolehemiwa ndani. Ikiisha, gemu inacheza kama kawaida lakini haikumbuki kitu. Pokémon Gold na Silver humaliza betri mapema zaidi kwa sababu betri hiyo hiyo inaendesha saa.

Skrubu ya kaseti ya Game Boy inataka bisibisi ya milimita 3.8 yenye tundu la nundu sita. Ya GBA inataka ya mabawa matatu. Fungua, pima betri kwa mita. Mpya ni volti 3. Ikishuka chini ya 2.5, ibadilishe.

Soma namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi CR1616 au CR2025. CR2032 ndiyo inayopatikana kirahisi madukani Mwanga, hapa Kigoma, lakini ni nene kuliko CR2025 na ganda linaweza kugoma kufunga. Nunua betri yenye miguu iliyokwisha unganishwa kiwandani, hata kama itabidi iagizwe Kariakoo. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri, joto linaweza kuipasua. Kubandika kwa selotepu nako hakudumu: kaseti ikitikisika mguu unaachia na sevu inafutika.

Kabla ya kuondoa betri ya zamani, elewa kwamba sevu inaondoka nayo. Kama ni ya thamani, inakiliwe kwanza kwa kifaa cha kusomea kaseti kama GBxCart RW. Kisha chuma cha kulehemu kwenye nyuzi 350, gusa mguu kwa sekunde zisizozidi tatu, inua betri, weka mpya kwa kufuata alama ya + kwenye bodi. Ukigeuza pande, haitatunza kitu.

Pokémon Ruby, Sapphire na Emerald ni tofauti. Ujumbe wa kwamba betri ya ndani imekwisha usikutishe: sevu iko kwenye chipu isiyohitaji umeme. Kinachosimama ni mambo ya saa tu.

Hatua ya 6: Kadi ya DS ndani ya 3DS

Inakubali, ila picha ina ukungu. Skrini ya DS ni nukta 256 kwa 192, na 3DS inaivuta mara 1.25 ijaze urefu wa 240. Shikilia START au SELECT unapoifungua, usiachie mpaka gemu ianze. Picha itakuwa ndogo na kali. Kadi za DS za kawaida hazina mpaka wa nchi. Za 3DS zinao, kwa hiyo kadi ya Kijapani kwenye 3DS ya Ulaya itakataliwa.

Hatua ya 7: Kutoka Switch kwenda Switch 2

Hapa mambo yanageuka. Kwenye Game Boy, GBA na DS, sevu inasafiri na kaseti. Kwenye Switch inakaa ndani ya mashine, siyo kwenye kadi ya gemu wala microSD. Ukiuza Switch kabla ya kuhamisha, umeuza na sevu.

Switch 2, iliyotoka Juni 2025, inaingiza kadi za Switch na kucheza nyingi kati yake, lakini haina ndani yake mashine nzima ya zamani: inatafsiri maagizo wakati gemu inacheza. Kwa hiyo weka kwanza sasisho la mfumo kwa intaneti. Halafu hamisha kwa njia ya mashine mbili kukaa karibu, zote zikiwa na chaji na ziko kwenye Wi-Fi. Njia ya kupitia seva inaifuta Switch ya zamani, kwa hiyo iache kwa anayelazimika. Gemu zilizonunuliwa mtandaoni zitapakuliwa upya, basi andaa kifurushi kikubwa au anza usiku.

MicroSD ya zamani haiendeshi gemu kwenye Switch 2. Inataka microSD Express. Joy-Con (vidhibiti vya pembeni) za zamani hazichomeki ubavuni, ila zinaunganika bila waya, na usiziuze kama unacheza Ring Fit Adventure, gemu ya mazoezi, kwa sababu pete yake inakaa Joy-Con ya zamani tu.