Kusoma jina halisi la dawa: hatua kwa hatua

Hivi karibuni nilimsaidia shangazi yangu kupanga mfuko wake wa dawa, nikakuta maboksi mawili yenye majina tofauti ya kibiashara, yote yakiwa na amlodipine, dawa ya presha. Alikuwa akimeza yote mawili kila asubuhi, akiamini moja ni la presha na jingine la kuvimba miguu, ilhali amlodipine yenyewe inaweza kuvimbisha miguu.

Hatua ya 1. Weka maboksi yote mezani.

Hatua ya 2. Tafuta jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa. Jina kubwa ni la kampuni. Dogo ni la kiini cha dawa, yaani kemikali inayofanya kazi mwilini, nalo ni jina linalokubaliwa kimataifa kupitia Shirika la Afya Duniani. Panadol ni paracetamol, Flagyl ni metronidazole. Ukiletewa dawa na ndugu aliyeko Marekani, fahamu kwamba huko paracetamol huitwa acetaminophen na salbutamol huitwa albuterol.

Hatua ya 3. Soma mwisho wa jina, kwa sababu dawa za jamii moja huishia sawa: -pril na -sartan ni za presha, -cillin ni jamii ya penisilini. Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima, kwani nilirundika pamoja kila jina lililoishia na -zole. Herufi hizo nne hazitoshi. Rudi nyuma zaidi. Omeprazole na pantoprazole (-prazole) hupunguza asidi ya tumbo. Metronidazole na tinidazole (-nidazole) huua amiba na baadhi ya bakteria. Fluconazole (-conazole) ni ya fangasi. Albendazole (-bendazole) ni ya minyoo. Hata hivyo aripiprazole, ambayo nayo huishia na -prazole, ni dawa ya magonjwa ya akili. Kwa hiyo mwisho wa jina hukuelekeza kwenye swali la kumuuliza mfamasia, wala si ruhusa ya kujiamulia.

Hatua ya 4. Hesabu viini. Augmentin ina amoxicillin na asidi ya klavulaniki, kwa hiyo mwenye mzio wa penisilini asiitumie, ingawa jina kubwa halimwonyi.

Hatua ya 5. Andika kila kiini na miligramu zake kwenye daftari. Napendelea daftari la karatasi kuliko programu ya simu, kwa kuwa shangazi anaweza kumkabidhi daktari daftari hilo hata simu ikiwa imezimika. Panapojirudia kiini kimoja, mwonyeshe mfamasia au daktari siku hiyo hiyo kabla ya kuacha dawa yoyote.